Nilimtilia Mama Abby Sahihi

Mlionisoma Jumamosi iliyopita mnajua nilipowaacha: simu mkononi, chapati ikiungua jikoni, na dereva Kiprugut akinipigia kelele kwamba Mama Abby ameanguka kando ya barabara pale Shabab.

Wageni nitawapitisha mbio. Mimi ni Rahab, majirani huniita Mama Joan, na ni mwenyekiti wa chama cha akina mama hamsini hapa Rhonda. Mama Abby, ambaye jina lake la kitambulisho ni Wariara, ni jirani yangu wa ukuta mmoja. Figo zake zilikataa kazi miaka miwili iliyopita. Kila Jumanne na Ijumaa huenda hospitali kuunganishwa na mashine, na akitoka hapo hana nguvu hata ya kusimama stejini kungoja matatu. Kwa hivyo huita gari kwa simu.

Halafu jiji likaleta ada. Ukiita gari kwa simu na likavuka mstari wa kuingia katikati ya mji, unaongezewa shilingi sitini. Likikutoa, sitini nyingine. Mwenye gari lake anapita hapo hapo bure, hata akiwa peke yake kwenye gari la viti saba, anaenda kununua gazeti. Anayelipishwa ni yule asiye na gari, na kosa lake ni hilo hilo la kutokuwa nalo.

Madereva walipata dawa yake upesi. Wanakushusha kabla tu ya mstari, pale Shabab, unamalizia kwa miguu. Wazima wanashuka, wanatembea, wanaitukana serikali, maisha yanaendelea. Mama Abby naye alianza kushuka.

Wasomaji mmekuwa mkimwandikia mhariri kuhusu wale watu wa Rhonda waliotia sahihi kuikubali ada hii. Mmoja kutoka Kabazi alisema wakatwe mikono. Mwingine alisema mikono haitoshi. Nimezisoma zote, na wiki sita nzima nimewaacha mlaani bila kuwaambia mnamlaani nani.

Ni mimi.

Nilifika Shabab nikihema. Mama Abby alikuwa ameketi kwenye kreti ya soda nje ya duka, magoti yamechubuka, leso yake imejaa vumbi. Kiprugut alikuwa amesimama kando yake na chupa ya maji ambayo Mama Abby hakuwa na ruhusa ya kuinywa yote. Wagonjwa wa figo hata maji wanapimiwa.

"Nilimwambia nimfikishe hadi geti ya hospitali," Kiprugut akajitetea kabla sijamuuliza. "Akakataa kabisa. Ati nimshushe hapa asikatwe."

"Usimlaumu kijana wa watu," Mama Abby akasema. "Miguu ni yangu."

"Mama Abby, ungeniambia. Ningekuongezea hiyo sitini."

"Leo ungeniongezea. Na Ijumaa? Na ile Jumanne nyingine? Wewe pia uko na watoto."

Nilimpangusa magoti kwa leso yangu. Akanishika mkono, akacheka kidogo, maana huyo mwanamke hucheka hata mahali pa kulia.

"Lakini wiki ijayo Jumatano tunaenda kwa kamati," akasema. "Jepchumba amesema tuko na nafasi. Wagonjwa wanaweza kuondolewa hii ada kabisa, ukionyesha tu karatasi ya hospitali."

Jepchumba ni wakili, msichana mdogo wa miwani ambaye halipwi na mtu. Yeye ndiye aliyewaandikia wagonjwa kumi na wawili malalamiko na kuyapeleka kwa kamati ya jiji.

"Na wakikataa?" nikauliza.

"Wakikataa nirudi kwa kaka yangu Kabazi, nikae huko mpaka Mungu aseme imetosha." Alisema hivyo akifunga kamba ya kiatu. "Nimechoka, Mama Joan. Wiki moja nakula, wiki moja napanda gari. Mtu hawezi kuishi hivyo."

Nilimwambia asiongee hivyo. Nilimwambia Mungu si Athumani. Nilimwambia mambo mengi.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo pa kunichukia.

Mwezi wa pili, kabla ada haijaanza, alinijia mtu anaitwa Peterson. Kazi yake ni kujaza kumbi. Mikutano ya kutoa maoni inataka watu, na Peterson anajua kutafuta watu. Akaniambia kuna kikao kwenye ukumbi wa kijamii, mambo ya usafiri, hakuna kazi ngumu. Chakula kipo. Nilete akina mama hamsini.

"Ni pilau ama ni mkate na soda?" nikamuuliza. Tumeenda vikao vingi, tunajua kutofautisha.

"Pilau na nyama. Na soda."

Siku yenyewe ilinyesha tangu alfajiri. Walikuja kumi na tisa tu. Wakatia sahihi kwenye orodha ya mahudhurio, wakakaa, wakasinzia huku mzee mmoja akisoma Kiingereza kwa kipaza sauti, wakangoja chakula. Kwenye vikao vyetu kila mtu anajua hivyo: unatia sahihi kwanza, ndiyo upewe sahani. Hakuna anayesoma kilichoandikwa juu ya karatasi. Hata mimi sikusoma.

Peterson akanivuta kando, uso umemkunjamana. "Rahab, chakula kimekuja cha watu hamsini. Jina moja, sahani moja. Nikirudisha sahani thelathini na moja, wewe na mimi hatuitwi tena mahali."

"Sasa nifanye nini? Niwazae?"

"Si uko na kitabu cha chama? Si kiko na majina na namba za vitambulisho?"

Nilikuwa nacho kwenye mkoba. Nikaketi kwenye kona nyuma ya jukwaa na kalamu tatu, ya bluu, nyeusi na nyingine ya bluu, nikaanza. Jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, sahihi. Jina, namba, simu, sahihi. Wengine niliwaandikia herufi kubwa kubwa, wengine nikawaandikia mlazo. Nilijiona mjanja. Kuna hata mahali nilicheka.

Mama Abby nilimwandika wa arobaini na nne. Ilikuwa siku ya Jumanne. Wakati huo huo yeye alikuwa amelala hospitalini, damu yake inazunguka nje ya mwili.

Jioni hiyo niliwapelekea wenzangu sahani zao nyumba kwa nyumba, na kila mlango walinibariki. Mama Abby alikuwa ametoka hospitali, amelala kwenye kochi. Hawezi kula chumvi ile wala kunywa soda. Aliipokea sahani hivyo hivyo kwa mikono miwili. "Mungu akukumbuke," akaniambia, "maana wewe humsahau mtu." Pilau akampa mtoto wa jirani.

Miezi miwili baadaye ada ikatangazwa. Ikasemwa kwamba wananchi walishauriwa wakakubali, wakiwemo akina mama hamsini wa Rhonda. Na mimi nikapata kibanda kwenye soko, cha mbele kabisa, karibu na lango. Peterson ndiye aliyenionyesha. Hakusema ni cha nini na sikumuuliza.

Wale kumi na tisa walinyamaza kwa aibu, kila mmoja akidhani ni sahihi yake iliyoharibu. Mimi nikawaacha wadhani.

Jumatatu, siku mbili kabla ya kikao cha kamati, Jepchumba alinijia kibandani. Alikuwa amebeba faili kifuani.

"Mama Joan, habari. Nataka kukuuliza kitu. Kamati wanasema kuna orodha kutoka hapa Rhonda. Wamekataa kunionyesha, watatoa siku ya kikao. Unajua nani alikusanya hayo majina?"

"Kulikuwa na kijana fulani," nikasema. "Nasikia alihamia Eldoret."

"Sababu nikimpata huyo mtu akubali ati watu hawakuambiwa wanatia sahihi ya nini, nimemaliza kesi. Imeisha. Hao wagonjwa wote wanatoka kwa hiyo ada siku hiyo hiyo."

"Na yeye, huyo mtu, anafanywa nini?"

Jepchumba aliinua mabega. "Kama alikusanya tu, hakuna kitu. Kama alitilia watu sahihi, hiyo ni jela."

Nilimpimia nyanya za kilo moja na kumwongezea mbili. Akanishukuru sana.

Alipoondoka nilimpigia Peterson. Nikamwambia nataka kusema ukweli. Ndiyo, nilimwambia hivyo, na wakati nikisema nilikuwa namaanisha.

Peterson hakupandisha sauti. "Sema. Karatasi iko na mwandiko wako, si wangu. Mimi nilileta pilau tu. Joan yuko darasa la ngapi sasa?"

"La tisa."

"Atakuwa anakuja kukuona gerezani akiwa na yunifomu. Usiku mwema, Mama Joan." Na ilikuwa saa nane mchana.

Jumatano tukaenda. Nilijikaza kisabuni, nikavaa vitenge vyangu vya kanisa, nikamshika Mama Abby mkono tukapanda ngazi polepole, tukipumzika kila baada ya hatua nne. Alikuwa amevaa sweta jekundu la Abby, binti yake, ambaye yuko shule ya bweni kule Bahati na hajui mengi. Ukumbini tukaketi, yeye mbele na wagonjwa wenzake, mimi safu ya tatu nyuma yake. Mlangoni walisimama askari wawili.

Jepchumba alizungumza vizuri, acha nimpe haki yake. Akauliza kwa nini mgonjwa anayeita gari kwa sababu hawezi kusimama alipe, na mwenye nguvu anayeendesha lake asilipe. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti wa kamati, mzee wa tai ya kijani, akangoja makofi yaishe kisha akainua bahasha.

"Wakili, hawa watu wako walikubali. Orodha ni hii hapa. Mmoja wao hata ni huyu mlalamishi wako wa kwanza." Akavaa miwani. "Wariara. Wa arobaini na nne. Kitambulisho ni chake, simu ni yake."

Niliwatazama wale askari mlangoni.

Jepchumba aliichukua ile karatasi, akaisoma, na uso ukamng'aa. Mimi nilijua kwa nini kabla hajafungua mdomo. "Mheshimiwa, siku hiyo ilikuwa Jumanne! Huyu mama alikuwa kwa mashine tangu saa mbili asubuhi, rekodi ya hospitali niko nayo hapa kwa faili. Hii sahihi haiwezi kuwa yake. Na kama hii ni ya uongo, orodha yote ni ya uongo."

Ukumbi ukavuma. Mwenyekiti akagonga meza. "Basi tumuulize mwenyewe. Mama, njoo uangalie. Hii ni sahihi yako ama si yako?"

Alihitaji kusema neno moja tu. Hapana. Aseme hapana, ada imwondokee, aende kwenye mashine yake Ijumaa hii na Ijumaa zote zinazokuja. Wagonjwa wote kumi na wawili walikuwa wamemwinamia kwa macho.

Mama Abby aliishika karatasi karibu na uso. Aliangalia muda mrefu. Niliona mgongo wake tu, na nikaona ulivyonyooka ghafla ndani ya lile sweta jekundu.

Jumapili zote za miaka mitano mimi ndiye niliyeandika kitabu cha chama, na Mama Abby ndiye aliyeketi kando yangu akinisomea majina. Hakuna mtu duniani anayeujua mwandiko wangu kama yeye. Kalamu tatu zilikuwa zimewadanganya kamati nzima, na yeye hazikumdanganya hata kidogo.

Hakugeuka. Akamuuliza mwenyekiti, "Mzee, mtu akimtilia mwenzake sahihi, anafanywa nini?"

"Hiyo ni kughushi, mama. Hawa askari wanaondoka naye leo."

"Leo?"

"Sasa hivi."

Halafu akairudisha karatasi mezani, akailainisha kwa kiganja.

"Ni yangu," akasema.

Jepchumba alishika kichwa. "Mama! Ulikuwa hospitali!"

"Nilitia asubuhi, kabla niende."

"Mama Abby, tafadhali. Fikiria vile unasema."

"Nimefikiria."

Wagonjwa walianza kunung'unika. Mmoja, mzee wa magongo, akamwita msaliti kwa sauti. Mama Abby alisimama tu pale mbele, mikono ameifunga tumboni.

Mwenyekiti hakuridhika. Akageuza ukurasa wa mwisho. "Hapa chini pameandikwa, imethibitishwa na mwenyekiti wa kundi, Rahab. Huyo Rahab yuko ndani?"

Nilisimama.

Niliona Jepchumba akinitazama, na nikaona kijana wangu wa kubuni, yule wa Eldoret, akifia machoni pake.

"Rahab, wewe ndiye ulisimamia hawa akina mama. Ulimwona huyu mama akitia sahihi?"

Hapo ndipo Mama Abby alipogeuka. Aliniangalia usoni, na mnisamehe, sikuona hasira. Aliniangalia kama mtu anayengoja maji yachemke, bila haraka, akijua yatachemka. Alikuwa amejifanya mwongo mbele ya watu wote, na sasa ilikuwa zamu yangu.

Niliwaona askari. Nikamwona Joan na yunifomu. Nikaona kibanda changu cha mbele, na nyanya zilizopangwa.

"Ndiyo," nikasema. "Nilimwona."

Ningeishia hapo. Mwongo wa kawaida angeishia hapo. Lakini mimi nilikuwa na hofu, na hofu ikanilegeza ulimi. "Tena alifika mapema," nikaongeza. "Alisema hiyo ada ni sawa, mji utakuwa msafi."

Mtu fulani nyuma yangu alipiga mluzi wa dharau.

Malalamiko yalitupwa kabla ya saa sita. Mwenyekiti alisema mlalamishi wa kwanza amejipinga mwenyewe, na orodha ni halali, na ada inabaki kwa wote, mgonjwa na mzima. Jepchumba alikusanya faili zake bila kunitazama. Mzee wa magongo alipopita karibu na Mama Abby alitema mate sakafuni.

Nilimkuta kwenye ngazi za nje, ameketi kwenye jua. Nikapiga magoti mbele yake na vitenge vyangu vya kanisa, watu wakipita.

"Mama Abby, umeniokoa. Sina la kukulipa. Umeniokoa mimi na Joan."

"Simama. Unajichafua."

"Nitakulipia hiyo ada mwenyewe. Kila safari. Naapa."

"Mama Joan." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kawaida, kama tunaongea juu ya ukuta wetu. "Mimi sikukuokoa. Nisingekutaja mimi, hiyo ni kweli, singeweza. Lakini nilikuwa nangoja ujitaje. Walipokuita nikasema moyoni, sasa atasema. Huyu namjua. Huyu hasahau mtu."

Nikaketi kando yake kwenye ngazi.

"Na kama ni kuogopa, ungesema tu ndiyo ukae," akasema. "Hiyo ya mji kuwa msafi, ulitoa wapi?"

Nililia. Yeye hakulia. Alifungua mkoba wake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye muhuri wa hospitali.

"Hii nilipewa wiki jana. Ni ya kuacha mashine. Mtu mzima anakubaliwa kuacha, lakini daktari anataka shahidi. Mtu anayenijua vizuri, aandike ati niliamua na akili yangu timamu. Nilikuwa nimepanga kuipasua leo tukishinda."

"Usinifanyie hivyo, Mama Abby. Nakusihi."

"Daktari alisema bila mashine ni siku kumi, labda wiki mbili. Kaka yangu amenitayarishia kitanda Kabazi. Kiprugut ananipeleka sasa hivi, tunapitia hospitali kuacha hii karatasi. Pale Bahati tutapita tu, sitasimama shuleni. Nikimwona Abby sitaweza kuendelea."

"Na Abby ataambiwa nini? Nani atamwambia?"

"Wewe."

Akaikunjua karatasi juu ya goti lake lenye kovu jipya, akanionyesha mistari chini kabisa.

"Jina, namba ya kitambulisho, simu, sahihi," akasema. "Leo tumia mwandiko wako."

Akaniwekea kalamu mkononi na kunifunga vidole juu yake. Chini barabarani Kiprugut alikuwa ameshafungua mlango wa gari, na alikuwa anatutazama.